Motokari ikikataa kuwaka: tufuate njia ya esansi kabla ya kutoa franka

Hapa Katuba wamama wengi hatushiki usukani, lakini franka za kutengeneza motokari zinatoka kwetu. Bwana anafanya taksi, faida inaingia jikoni. Taksi ikilala kwa fundi siku tatu, bukari inapungua mezani. Tena kuna vikundi ambavyo, kwa nguvu ya likelemba, vimenunua gari la kubeba unga na mboga. Ndiyo sababu juma hili tunaacha mambo ya lishe, tunafungua kapo.

Ugonjwa tunaousikia zaidi ni huu: motokari inazunguka lakini haiwaki, ama inawaka vizuri kisha inazima ikipanda mlima na mzigo. Fundi anasikiliza dakika mbili, anasema: “Pompe imekufa.” Mwenzetu mmoja alilipa pompe mpya katika gara moja ya mjini. Gari likarudi na ugonjwa ule ule, maana filtri ndiyo ilijaa uchafu. Franka za pompe hazikurudi.

Maji yasipotoka kwenye robine ya uani, hakuna mama anayekimbia kununua robine mpya. Anauliza jirani kama kwake yanatoka, anatazama tiyo, anafuata njia mpaka pale maji yanapokwama. Esansi nayo ina njia yake: inatoka kwenye tanki, pompe inaisukuma, inapita katika filtri, inafuata tiyo mpaka kwenye sindano zinazoinyunyiza ndani ya motere. Lakini motere inataka pia hewa na cheche ya buji. Kwa hiyo ulizo la kwanza kwa fundi ni jepesi: esansi inafika, ama haifiki? Baada ya kuzungusha motere mara kadhaa, atoe buji moja. Ikiwa imelowa na inanuka esansi, esansi inafika. Atafute kwanza upande wa cheche. Ikiwa kavu kabisa, ndipo tuanze kurudi nyuma kuelekea tanki.

Tuanze na tanki lenyewe. Msicheke: mshale wa dashibodi ukiharibika unadanganya, na motokari nyingi zimesukumwa mpaka gara bila esansi ndani.

Halafu pompe. Katika motokari nyingi za sindano iko ndani ya tanki, na inaendeshwa na umeme wa batri. Katika nyingine, ukifungua kontakti bila kuwasha, unasikia mlio mdogo kwa nyuma, kama sekunde mbili. Lakini Toyota nyingi za zamani hazifanyi hivyo. Pompe yao inaamka tu wakati motere inazungushwa. Basi mmoja azungushe ufunguo, mwingine asikilize karibu na tanki, ndipo mseme kama iko kimya. Na kimya chenyewe si kifo. Fundi atazame kwanza fizible na rele, vitu vidogo vya bei ndogo, kisha apime kama umeme unafika kwenye waya za pompe. Umeme ukifika na pompe ikakaa kimya, hapo tunaweza kumsadiki.

Pompe ikilia na motokari ikakosa nguvu, aweke manometri apime msukumo. Kwa motokari nyingi za esansi za sindano ni karibu ba 3, lakini kitabu cha gari ndicho kinachosema sawasawa. Msukumo ukiwa chini, abadilishe filtri kwanza, apime tena. Fundi asiye na manometri anabahatisha, na anabahatisha kwa franka zetu.

Kuna ugonjwa mwingine usiohitaji hata fundi. Motokari inazima baada ya kutembea. Ukifungua kifuniko cha tanki unasikia hewa ikiingia kwa nguvu, kisha inawaka. Tanki lilikosa pa kupumulia. Kifuniko hicho kisafishwe ama kibadilishwe.

Waambieni mashofere pia habari ya litre mbili asubuhi, litre mbili mchana. Tunajua sababu yake, ni ukosefu wa franka. Lakini pompe ya ndani ya tanki inapozwa na esansi inayoizunguka. Tanki likikaa karibu tupu kila siku, pompe inapata joto, na inafyonza uchafu wa chini. Mwenye kuweza asiliache lishuke chini ya robo.

Esansi ya kadhafi, ile ya chupa kando ya barabara, inatusaidia siku pompe za stesheni zimekauka. Ila mimineni kidogo katika chupa nyeupe, iacheni itulie: maji ni mazito kuliko esansi, yatajitenga chini. Tone moja juu ya karatasi safi linakauka bila alama. Likiacha doa la mafuta, pengine wametia petroli ya taa.

Na hapa tunasema kwa ukali kidogo, kwa sababu ya watoto. Bidoni ya esansi haikai ndani ya nyumba, wala karibu na mbabula, hata kama imefungwa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini sakafuni mpaka unakuta makala ya moto. Chupa ya maji isitiwe esansi kamwe, mtoto hajui tofauti. Na kijana asivute esansi kwa mdomo na kitiyo: ikiingia katika mapafu inayaunguza. Mtoto akimeza, msimtapishe, wala msimpe mafuta ya kupikia kama wengine wanavyoshauri. Mpelekeni mara moja kwenye kituo cha afya, na mbebe ile chupa ili muganga aone alichokunywa.