Soma Kitambaa Kabla ya Kuweka Dau

Watu wakisikia kwamba niliwahi kugawa karata kwenye kasino hapa Dar es Salaam, wananiuliza wafanyeje ili washinde. Mimi nami huwauliza: meza mnayocheza inalipa ngapi kwa blackjack? Wengi hawajui. Wamekaa pale miezi na miezi, na jibu limechapwa kwenye kitambaa cha meza kwa herufi kubwa, palepale wanapoegemeza viwiko.

Kwa asiyeujua mchezo huo wa blackjack, uko hivi. Unapewa karata mbili, na mgawaji anaweka moja yake wazi. Karata za picha zinahesabiwa 10, ree ni 1 au 11 kwa namna inavyokufaa, na zilizobaki ni kwa namba zake. Lengo ni kuikaribia 21 kuliko yeye: unavuta karata mpaka uridhike, ila ukizidi 21 dau limekwenda. Mgawaji anacheza baada yako na hana hiari: lazima avute mpaka afike 17. Faida ya kasino imo katika huko kutangulia kwako. Ukizidi 21 dau lako linakusanywa papo hapo, na mgawaji akizidi naye baadaye, hakuna wa kukurudishia. Ndiyo maana mchezaji anayemwiga mgawaji, akavuta mpaka 17 kama yeye, hupoteza kwa wastani karibu shilingi 5 na nusu katika kila 100 anazoweka.

Sasa turudi kwenye kitambaa. Mkono wa blackjack ni ree na karata ya 10 zikikujia pamoja mwanzoni, jambo linalotokea takriban mara moja katika kila mikono 21. Meza nzuri imeandikwa 3 kwa 2: ukiweka shilingi 10,000 unalipwa 15,000. Meza mbaya imeandikwa 6 kwa 5, na mtu mwenye haraka huona 6 ni kubwa kuliko 3 akadhani amependelewa, kumbe kwa dau lilelile analipwa 12,000. Tuseme unacheza mikono 60 kwa saa, kila mmoja kwa 10,000, bila kukosea hata kidogo. Kwenye meza ya 3 kwa 2 yenye kanuni nzuri, faida ya kasino ni karibu nusu shilingi katika kila 100, kwa hiyo saa hiyo inakugharimu wastani wa 3,000. Badilisha maandishi hayo tu yawe 6 kwa 5, na gharama inapita 11,000. Hakuna ustadi wa kuvuta karata unaoweza kuziba pengo hilo.

Huko Las Vegas malipo ya 6 kwa 5 yaliingia kwa kishindo mwanzoni mwa miaka ya 2000, hasa kwenye meza za pakiti moja. Wachezaji walikuwa wamefundishwa kwamba pakiti chache ni nafuu kuliko sita au nane, na hilo ni kweli, nafuu yake ni kama nusu shilingi katika 100. Wakakimbilia pakiti moja, na 6 kwa 5 ikawachukulia karibu shilingi moja na nusu. Jambo hili linanikera mpaka leo, kwa sababu lilimlenga mtu aliyejitahidi kujifunza.

Kanuni nyingine ni ndogo, lakini zikijumlishwa zinaonekana. Mgawaji akivuta tena anapokuwa na 17 yenye ree inayohesabiwa 11, unapoteza kama senti 20 zaidi katika kila shilingi 100. Ukiruhusiwa kuongeza dau maradufu baada ya kutenganisha jozi iwe mikono miwili, unapata ahueni kidogo, na ukiruhusiwa kujisalimisha kwa kuacha nusu ya dau, kidogo tena. Angalia pia mgawaji anaanza na karata ngapi. Meza nilizogawa mimi zilifuata mtindo wa Ulaya: mgawaji anachukua moja tu na kuingoja ya pili mpaka wachezaji wote wamalize. Hapo ukitenganisha 8 zako mbili mbele ya 10, halafu mgawaji akavuta ree, madau yote mawili yamekwenda. Kwenye meza za Marekani, ambako mgawaji huichungulia karata yake ya pili mapema, ungepoteza moja tu. Kwa hiyo kule 8 mbili hutenganishwa daima, na huku, mbele ya 10 au ree, unavuta tu.

Majibu ya namna hii hayakutoka kwa wacheza kamari. Askari vijana wanne wa Marekani, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, waliyapigia hesabu kwa mashine za mezani katika kambi ya Aberdeen, Maryland, wakayachapisha mwaka 1956 katika jarida la wanatakwimu. Edward Thorp wa MIT akayapitisha kwenye kompyuta ya IBM 704, na mwaka 1962 akatoa kitabu chake, Beat the Dealer.

Kuyajua ni kazi ya pakiti moja ya karata na meza ya jikoni. Usijigawie ovyo, utaishia kupata 20 na 19 ambazo hazina la kuamua. Weka 10 moja mezani iwe karata yako ya kwanza daima, kisha ya pili ichomoe kwenye fungu la 2 hadi 6 pekee, ili kila mkono uwe kati ya 12 na 16. Karata ya mgawaji itoe kwenye zilizobaki. Akionyesha 2 hadi 6, tulia. Akionyesha 7 mpaka ree, vuta. Ila 12 mbele ya 2 au 3, vuta. Mgawaji mwenye 6 huzidi 21 karibu mara 42 katika 100, na ndiyo maana unamwachia kazi. Jibu litoke kwa sauti, bila kusita. Kisha badala ya 10 weka ree, ongeza 7 kwenye lile fungu, uanze upya; hapo majibu hubadilika. Mkono wa ree na 7 mbele ya 9 huwashinda wengi: wanaona 18 wanatulia, na jibu sahihi ni kuvuta.

Kuna mzee mmoja alikuwa akija Ijumaa. Nikionyesha ree tu, anasema, "Mwanangu, nikatie bima." Bima ni nusu ya dau, inayolipa 2 kwa 1 iwapo karata yangu ya pili ni 10. Katika pakiti sita, baada ya kuiona ree yangu, zimebaki karata 311. Za 10 ni 96, zisizo 10 ni 215. Ili bima isimle, za 10 zingepaswa kuwa theluthi, yaani kama 104. Roho iliniuma kila nilipoikusanya pesa ile, maana ushauri tulikatazwa kutoa.

Lakini kanuni za meza tuliruhusiwa kuzieleza kwa yeyote aliyeuliza. Basi kabla hujabadilisha pesa yako, simama nyuma ya viti uulize: Dada, 17 yenye ree unavuta au unatulia? Naweza kuongeza dau baada ya kutenganisha? Kujisalimisha kupo? Atakujibu, na ukiwa umesimama bado, kuondoka ni bure.