Ruta Iko Mita Ngapi? Uliza Laptopu Yako

Umelipia WiFi ya ploti, mwenye ruta anaapa iko "hapo tu", na kazi ya mtandaoni imegoma kwenda dakika za mwisho. Usigombane naye kwanza. Pima.

Weka programu inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm. Kaa mita 1 kutoka kwa ruta, soma namba: tuseme -40. Halafu rudi kwako. Mahali wazi, kila umbali ukiongezeka maradufu unapoteza kama 6. Ukisoma -64, umepoteza 24, yaani maradufu nne: 2, 4, 8, mita 16.

Lakini chunga, hesabu hii haijui kuta. Hapa Malindi nilisoma -76, hesabu ikaniambia mita 64. Kuhesabu hatua, kumi na mbili tu! Katikati kuna ukuta mnene wa mawe ya matumbawe, zile nyumba za kizamani.

Basi jamaa hakunidanganya, ni ukuta. Nikahamia barazani, mkabala na dirisha lake: -58. Kazi ikaenda, na pesa yangu ikaingia. Kabla ya kulipia mwezi mwingine, zunguka na laptopu yako kwanza.