Kupima betri ya sola bila kuunguza kifaa

Betri ya sola ikifa katika zahanati ya kijijini, mama hujifungua gizani. Mara nyingi betri haifi ghafla. Hutumiwa kupita kiasi usiku baada ya usiku, na hakuna anayejua. Ndiyo maana tulitengeneza kifaa cha kuangalia betri na paneli, tukitumia ubao wa Arduino Uno. Ubao huu una maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja.

Pini za ubao huu hazipaswi kupokea zaidi ya volti 5. Lakini betri ya asidi ya volti 12 ikichajiwa hufika kama volti 14.4, na paneli yake isipokuwa na mzigo hufika kama volti 22. Sisi tuliunganisha waya moja kwa moja, na ubao wetu wa kwanza ukaungua.

Dawa yake ni rezista mbili zinazofuatana, kutoka chanya hadi hasi. Pini inaunganishwa pale zinapokutana. Kwa betri, rezista ya upande wa chanya iwe kilo-ohm 33, na ya upande wa hasi kilo-ohm 10. Jumla ni 43. Chukua 14.4, zidisha kwa 10, gawanya kwa 43: pini inapata volti 3.35 tu.

Je, rezista hizo zinafaa kwa paneli? Hapana, kwani volti 22 zitaleta 5.1 kwenye pini. Badala ya 33 weka 47, upate 3.9. Kila chanzo kiwe na rezista zake na pini yake.

Kabla ya kuunganisha:

• Weka fyuzi ndogo kwenye waya wa chanya, karibu na betri.

• Unganisha hasi ya betri na hasi ya ubao.

• Hakikisha kwa mita kwamba hasi ya paneli na ya betri zimeungana. Baadhi ya chaja kontrola huunganisha chanya; hapo usipime paneli kwa njia hii.

• Pima volti kati ya rezista na hasi kabla ya kugusa pini.

Katika programu, zidisha volti za pini ya betri kwa 4.3, na za paneli kwa 5.7.

Betri iliyopumzika ikionyesha volti 12.2, imebakiwa na karibu nusu. Hapo zimeni televisheni, ili taa ya chumba cha kujifungulia iwake hadi asubuhi.