Mfundishe Kijana Kuutawala Moyo Wake

Leo hatuzungumzi juu ya malaria wala chanjo. Tunazungumza juu ya moyo wa kijana wako aliye shule ya upili: hasira, aibu, wasiwasi na upweke wake, na jinsi darasa linavyoweza kumsaidia kuyatawala hayo.

Kwa nini hili ni jambo la afya?

Kijana wa miaka 15 ana mwili unaokaribia wa mtu mzima, lakini ubongo wake bado unakua. Sehemu inayoamsha hisia kali hukomaa mapema. Sehemu ya mbele, ile inayomwambia "ngoja kwanza, fikiri," huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Ndiyo maana mzaha mdogo unaweza kumfanya arushe ngumi. Hajarogwa. Kuna jambo hajajifunza bado.

Gharama yake tumeiona. Mwaka 2001 wavulana 67 walikufa kwa moto uliowashwa bwenini katika shule ya upili ya Kyanguli, Machakos. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 nchini zilichomwa. Sababu za mioto ni nyingi, na mabweni yaliyojaa na milango iliyofungwa huongeza vifo. Lakini kijana asiyejua kusema "nimeumia" hutafuta njia nyingine ya kulisema hilo.

Darasani hufundishwa nini?

Mambo ni matano: kutambua unachohisi, kujizuia, kuelewa mwenzako anahisi nini, kuelewana na watu, na kupima jambo kabla ya kuamua.

Chukua mfano huu. Mvulana amerudi shuleni baada ya kutumwa nyumbani kwa sababu ya karo. Mwenzake anamcheka kwenye foleni ya chakula, naye anampiga. Mwalimu aliyefunzwa kazi hii humtoa kando na kumwacha apumue polepole mpaka moyo upungue kasi. Kisha huuliza: Nini kilitokea? Ulihisi nini? Nani ameumia? Utarekebishaje? Kijana husema kwanza, "Nilikasirika." Akiulizwa tena kwa upole, husema, "Niliona aibu." Hapo ndipo ameanza kujifunza, kwa sababu aibu ina dawa tofauti na hasira.

Utasema, "Muuguzi, huko si kuwadekeza?" La. Kijana huyo bado ataomba msamaha na kutimiza adhabu atakayopewa. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule zetu tangu mwaka 2001, na hata kilipokuwepo kilimfundisha mtoto kuogopa, si kujizuia.

Je, yanafaa kweli?

Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa mpango unaoitwa Shamiri, uliofanywa na vijana 413 wa shule za upili hapa Kenya waliokuwa na dalili za huzuni nzito au wasiwasi. Walikutana kwa vikundi kwa wiki 4, wakiongozwa na vijana wenzao waliomaliza shule na kupewa mafunzo mafupi. Kundi moja lilifundishwa kwamba mtu anaweza kubadilika, kushukuru, na kujua anachokithamini maishani. Kundi lingine lilifundishwa mbinu za kusoma. Dalili zilipungua zaidi katika kundi la kwanza. Hapakuhitajika dawa wala daktari bingwa.

Kikwazo ni nini?

Somo la Stadi za Maisha liliingizwa katika shule zetu mwaka 2008. Halikuwa na mtihani wa taifa, kwa hiyo katika shule nyingi kipindi chake kilitumiwa kwa hesabu na sayansi. Mtaala wa Umilisi nao unataka maadili na stadi hizi zifundishwe ndani ya kila somo. Lakini mwalimu hufundisha kwa bidii kile ambacho wazazi hukiulizia. Sisi huulizia alama tu.

Wewe mama ufanye nini?

1. Kwenye mkutano wa wazazi, uliza: "Watoto wetu wanafundishwa lini kutawala hisia? Mwalimu wa ushauri nasaha ni nani, na mtoto humwona vipi?"
2. Siku ya kumtembelea, kabla ya kuuliza nafasi aliyoshika, muulize, "Ni jambo gani limekusumbua muhula huu?" Kisha nyamaza, usikilize.
3. Usimwambie mvulana kwamba mwanamume halii.
4. Wewe ukikasirika, sema mbele yake: "Nimekasirika, tutaongea baadaye." Atakuiga.

Dalili za hatari

Akikosa usingizi au hamu ya kula, akijitenga, akishuka ghafla masomoni, au akigawa vitu vyake, usingoje likizo. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo, humfungulia mlango. Akikubali, usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Simu ya bure ya kusaidia watoto ni 116.

Kumbuka: Hakuna anayezaliwa akijua kutawala hasira, kama vile hakuna anayezaliwa akijua kusoma. Yote mawili hufundishwa, na mwalimu wa kwanza ni wewe.

Maswali ya kujadili kikundini

- Kijana wako akiumizwa moyo, humwambia nani?
- Tutauliza nini katika mkutano ujao wa shule?