Kumbukumbu ya Mkono: Udongo, Umbo na Jina katika Kazi za Magdalene Odundo Zikitazamwa kutoka Mwambao wa Lituhi

1.0 Utangulizi

Lituhi ni kata iliyopo ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kusini mwa mahali Mto Ruhuhu unapoingia ziwani, katika Wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, eneo ambalo awali lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Kaskazini mwake, katika mwambao huohuo chini ya Milima ya Livingstone, wanaishi Wakisi, ambao wanawake wao ni wafinyanzi mashuhuri. Vyungu vyao hufinyangwa kwa mkono, huchomwa kwa moto wa wazi, na kwa muda mrefu vimesafirishwa kwa mitumbwi hadi masoko ya mwambao. Soko la Matema, wilayani Kyela, linafahamika hadi leo kwa biashara hiyo. Kwa hiyo, mkazi wa mwambao huu hukijua chungu kwa kukibeba, kukipika na kukiosha kabla ya kukiona kimewekwa nyuma ya kioo cha makumbusho.

Makala haya yanatumia ujuzi huo wa kawaida kueleza kazi za Magdalene Odundo, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na anayefanya kazi zake Uingereza. Swali linaloongoza makala ni hili: tunaposema kwamba chombo cha udongo kinabeba kumbukumbu, kumbukumbu hiyo inakaa wapi? Je, imo katika umbo, katika udongo wenyewe, au katika mkono uliofinyanga? Hoja inayotetewa ni kwamba imo kwanza katika mkono, na kwamba jambo hili lina athari kwa namna tunavyohifadhi na kuandika habari za ufinyanzi wa Afrika Mashariki.

2.0 Mkono kama Hifadhi ya Kumbukumbu

Paul Connerton, katika kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu namna jamii zinavyokumbuka, anatofautisha aina mbili za utunzaji wa kumbukumbu. Aina ya kwanza huhifadhiwa nje ya mwili, kama vile katika maandishi na picha. Aina ya pili huhifadhiwa mwilini, katika mazoea ya kutenda. Ufinyanzi ni mfano mzuri wa aina ya pili. Methali isemayo “udongo uwahi ungali maji” inaeleweka na kila mtu, lakini kiasi cha unyevu kinachofaa hakijulikani kwa methali. Hujulikana kwa vidole, na vidole hufundishwa na vidole vingine.

Njia aliyopita Odundo inathibitisha jambo hili. Alikwenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa, akaanzia Cambridge na kuendelea Farnham. Katika miaka ya 1974 na 1975 alikuwa Abuja, Nigeria, katika kituo cha mafunzo ya ufinyanzi kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew. Huko alijifunza kutoka kwa wanawake Wagwari, akiwemo Ladi Kwali, ambao walifinyanga mitungi mikubwa kwa kupandisha udongo kwa mkono huku wao wenyewe wakiizunguka. Baadaye alihitimu shahada ya uzamili katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa, London, mwaka 1982. Vyuo vilimpa mengi, lakini namna ya kuunda iliyokuja kuwa msingi wa kazi zake ilitoka katika miili ya wanawake waliojifunza kwa mama na shangazi zao.

3.0 Udongo na Moto

Kazi za Odundo hupitia hatua ambazo mfinyanzi yeyote wa mwambao wa Nyasa angeweza kuzifuata kwa macho bila mkalimani. Hupandisha udongo kwa mkono, hukwangua kuta za chombo kwa kipande cha kibuyu, kisha husugua uso wake kwa kokoto laini. Chombo kikikauka hupakwa uji mwembamba wa udongo na kusuguliwa tena. Hatumii ile tabaka ya kioo inayong’arisha vikombe na sahani za dukani. Mng’ao wote ni wa msuguo, yaani ni matokeo ya saa nyingi za mkono kupita mahali palepale.

Rangi nayo hutokana na moto. Udongo wake una madini ya chuma. Ukichomwa penye hewa ya kutosha, chuma hicho huungana na oksijeni na chombo huwa chekundu au cha rangi ya machungwa. Chombo hichohicho kikichomwa tena ndani ya chombo kilichofungwa, pamoja na vipande vya kuni, hewa hupungua, moshi hutanda na chombo huwa cheusi. Mara nyingine sehemu moja hubaki nyekundu na nyingine ikawa nyeusi. Weusi na wekundu, kwa hiyo, si mapambo yaliyoongezwa. Ni rekodi ya jinsi hewa ilivyopita katika tanuri siku ile.

Kuhusu umbo, Kiswahili kinatupatia istilahi zilizo tayari: mdomo, shingo, bega na tumbo la mtungi. Mhakiki wa vyombo vya Odundo hahitaji kubuni sitiari ya mwili, kwa kuwa lugha imeshaibeba. Shingo zake ndefu zilizoinama na matumbo yaliyojaa hufanya chombo kionekane kama mtu anayekaribia kugeuka.

4.0 Pingamizi la Kioo

Hoja kwamba kumbukumbu imo mkononi inakabiliwa na pingamizi moja kutoka kwa Odundo mwenyewe. Mwaka 2014 alionyesha kazi iitwayo “Transition II”, yenye vipande 1,001 vya kioo vilivyoning’inizwa. Umbo lake lilitokana na pambo la sikio la Misri ya kale, na kioo kilifanyiwa kazi kwa ushirikiano na mafundi wa fani hiyo. Hapa udongo haupo, na mkono wa msanii si mkono pekee. Je, kumbukumbu haijahamia katika umbo?

Kwa kiasi fulani, imehamia. Umbo la pambo linaweza kusafiri kwa miaka maelfu bila mtengenezaji wake wa kwanza. Hata hivyo, kilichosafiri ni sura tu. Ujuzi wa fundi wa Misri haukumfikia Odundo kupitia pambo hilo, na ndiyo maana alihitaji mafundi wa kioo walio hai. Pingamizi hili linaiwekea hoja mipaka bila kuivunja: umbo hukumbusha kwamba kitu kilikuwepo, ilhali mkono hukumbuka jinsi kinavyofanyika.

5.0 Jina la Chombo na Jina la Mfinyanzi

Vyombo vingi vya Odundo havina jina. Huonyeshwa vikitajwa tu kuwa havina anwani. Lakini jina la mfinyanzi halikosekani kamwe. Mwaka 2019 jumba la sanaa la Hepworth Wakefield lilifanya maonyesho makubwa ya kazi zake, na mwaka 2020 alitunukiwa hadhi ya juu na taifa la Uingereza.

Kwa chungu cha Wakisi mambo ni kinyume. Chombo kina jina kulingana na matumizi yake: cha maji, cha mboga, cha pombe. Kinapoingia katika mkusanyo wa makumbusho, kwa kawaida huandikiwa kabila, mahali na mwaka wa kukusanywa. Jina la mwanamke aliyekifinyanga ni nadra kuandikwa. Methali ya “mfinyanzi hulia gaeni” husemwa kwa mzaha kuhusu fundi asiyefaidi kazi yake. Hapa inapata maana nzito zaidi.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Ladi Kwali, aliyefariki mwaka 1984, alikuwa mfinyanzi wa kijijini kama wao, na leo picha yake imo katika noti ya naira 20 ya Nigeria. Tofauti kati yake na mfinyanzi asiyejulikana haikuwa ubora wa chungu peke yake. Kuna mtu aliyeuliza jina na kuliandika.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba katika kazi za Odundo kumbukumbu hukaa kwanza katika mkono, kisha katika udongo na moto vinavyoshuhudia kazi ya mkono huo, na mwisho katika umbo. Ikiwa hivyo ndivyo, kuhifadhi chungu kabatini si kuhifadhi ufinyanzi. Ndoo ya plastiki inapochukua nafasi ya mtungi katika nyumba za Lituhi, kinachopotea si chombo tu, bali pia sababu ya binti kuketi karibu na mfinyanzi na kutazama vidole vyake. Mtafiti wa mwambao huu hawezi kuirudisha mitungi jikoni. Anaweza, hata hivyo, kuandika hatua za kazi kwa maneno ya wanaoifanya, na kwa idhini yao, kutanguliza majina yao.