Wanafunzi wa Zamani Wakikutana, Waulizeni Habari za Redio na Simu

Shule nyingi za upili hapa kwetu zina chama cha wanafunzi wa zamani. Wakirudi mwezi wa Desemba, kazi huwa ni harambee ya bweni au ya basi. Hiyo ni sawa. Lakini kati yao wamo watangazaji, mawakili na wafanyakazi wa kampuni za simu. Kikundi chenu kinaweza kuwaomba jioni moja tu, mzungumze: ni nani anayelinda yale yanayoingia nyumbani mwetu kwa redio na kwa simu? Msiende mikono mitupu. Haya ni ya kujua kwanza.

Redio ina mwenyewe. Masafa ya hewani ni mali ya umma, na kituo hakiwezi kutangaza bila leseni. Zamani tulikuwa na sauti moja, ya serikali. Televisheni ya KTN ilianza 1990, Capital FM 1996, kisha redio za lugha za mama zikafuata, tele. Sheria ya mwaka 1998 ndiyo iliyoleta tume ambayo leo inaitwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na hiyo ndiyo hutoa leseni. Kanuni zake zinasema kwamba kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku, kituo kisitangaze mambo yasiyofaa watoto. Basi mtangazaji akimwaga matusi asubuhi watoto wakinywa chai, hiyo si "mambo ya kisasa". Ni kuvunja kanuni.

Na si matusi tu. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na ripoti yake ya 2008 ikazitaja redio za lugha za mama kati ya waliochochea chuki.

Mkiwa na malalamiko, andikieni kituo chenyewe kwanza. Tajeni jina la kipindi, tarehe, saa, na maneno yaliyosemwa. Barua ya "redio yenu imeharibika siku hizi" haiendi popote. Wasipojibu, pelekeni malalamiko kwa Mamlaka, pamoja na nakala ya ile barua ya kwanza.

Simu ni shida nyingine. Kwa Facebook au TikTok hakuna anayeomba leseni ndio aseme. Sheria yetu ya makosa ya kompyuta, ya 2018, humfuata hasa yule aliyetenda kosa, na mara nyingi laini yake imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine! Uingereza wamechukua njia tofauti. Sheria yao ya usalama mtandaoni, ya 2023, inaibana kampuni yenyewe: ichunguze hatari, iondoe yaliyo haramu, iwakinge watoto. Msimamizi ni Ofcom, shirika lile lile linalosimamia redio na televisheni huko. Faini inaweza kufika pauni milioni 18, au asilimia 10 ya mapato ya kampuni duniani kote, ile iliyo kubwa zaidi. Wako Waingereza wanaohofia kwamba sheria hiyo itawafunga watu midomo, na sisi tuliokua wakati wa redio moja tunawaelewa.

Lakini sheria ya Uingereza haimfikii mweka hazina wenu. Akipata ujumbe wa "nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie", aangalie salio kwanza, na asirudishe kitu kwa haraka. Mwenye laini ya Safaricom autume ujumbe wa ulaghai kwa 333, ni bure. PIN haitajwi kwa mtu yeyote, hata akisema anapiga kutoka ofisini. Tena acheni kupiga picha daftari la wanachama, lenye nambari za vitambulisho, na kuituma kwa WhatsApp. Nambari hizo zinalindwa na sheria ya data ya 2019, na mlaghai anazitafuta.

Sasa mgeni wenu akifika, msimwache aanze na hotuba. Wa redio aulizwe: barua za wasikilizaji husomwa na nani, na jibu huchukua siku ngapi? Wa kampuni ya simu aulizwe: mama akilaghaiwa Jumamosi jioni, pesa zinaweza kuzuiwa kabla hazijatolewa? Ampigie nani? Katibu aandike majibu hayo kwa daftari la kikundi, pamoja na jina la ofisi inayohusika.