Klachi ‘haishiki’: Kitenzi kimoja, hitilafu mbili

Mwezi uliopita nilinunua pikapu. Si mpya. Ni ya gia za mkono, imepitia mikono ya watu wawili kabla yangu, na aliyeniuzia pale Ukunda alinipa maelezo ya sentensi moja tu: “Mwalimu, hii ukiizoea haina shida.” Mtu ambaye kazi yake ni kuchambua sentensi alipaswa kuichambua hiyo kabla ya kutoa pesa. Kiambishi -ki- huweka sharti, na sharti lenyewe lilikuwa juu yangu, si juu ya gari.

Siku ya tatu nikaanza kuzoea. Gia ya nyuma ilikuwa inalia, krrr, kama mtu anayesaga mifupa, kila nilipotaka kutoka kwenye maegesho ya Diani. Gia ya kwanza nayo ilikataa kuingia gari likiwa limesimama, hasa asubuhi. Nikigundua kwamba nikikanyaga klachi mara mbili tatu harakaharaka, gia inaingia kwa upole. Nikiikanyaga mara moja tu, pedali inashuka laini hadi karibu na sakafu bila mguu kukutana na chochote. Nikaenda gereji ya kwanza niliyoiona na kusema kile ambacho Mswahili yeyote angesema:

“Fundi, klachi haishiki.”

Hakufungua hata boneti. “Haishiki? Basi imeisha hiyo. Tunashusha giaboksi, tunaweka pleti mpya na presha yake. Sh28,000, kazi ikiwemo.” Nilimwamini. Nilikuwa na pesa hizo, ila zilikuwa karo ya muhula, na nikarudi nyumbani kutafakari ni mtoto yupi nitamwambia asubiri.

Kabla sijaamua, ikanibidi kwenda Mombasa. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, lakini mtu wa Pwani Kusini aliyezoea feri huifuata feri. Pale Likoni magari yakishapangwa injini huzimwa. Tulipokaribia ng’ambo, nikaingiza gia ya kwanza kabla ya kuwasha (gari likiwa limezimwa gia ziliingia bila mgogoro wowote, na hilo lingenifunza kitu kama ningekuwa na akili ya fundi), nikakanyaga klachi hadi mwisho, nikageuza ufunguo. Gari likaruka mbele. Mbele yangu palikuwa na mkokoteni wa madafu na kijana aliyekuwa amesimama baina yake na bampa yangu. Breki ilifanya kazi, injini ikazima, na iliyobaki kati ya chuma na magoti yake ni kama shibiri moja.

“Mzee, wataka kunivunja miguu?” Watu wote wakageuka. Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimekanyaga klachi. Naapa nilikuwa nimeikanyaga.

Jioni ile mwenzangu kazini akanielekeza kwa fundi mmoja mzee huko Msambweni, mtu aliyeanza kufungua malori kabla sijazaliwa. Nikamwamkia shikamoo, na hapa naomba nichepuke kidogo: kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, salamu hiyo ni kitenzi shika na neno la zamani la miguu, yaani nashika miguu yako. Kwa hivyo mazungumzo yetu yalianza na shika na miguu, na kwa saa nzima hayakutoka hapo.

“Mzee, klachi haishiki.”

“Haishiki nani?”

Nikadhani hakunisikia. Akarudia taratibu, kama anavyosemeshwa mtoto: “Mguu wako hauishiki klachi, ama klachi haiishiki injini? Sema ni nani asiyemshika mwenziwe.”

Nimefundisha kiima na yambwa kwa miaka mingi. Sijawahi kuulizwa swali la kiima na yambwa lenye thamani ya Sh28,000.

Akaendelea: “Umepanda nayo Kwale?” Nikamwambia ndiyo, wiki iliyopita, kutoka Kombani, na mifuko ya saruji nyuma. Anayeijua barabara ile anajua jinsi inavyokwea kuingia Milima ya Shimba. “Kwenye mlima, injini ililia juu na gari likabaki nyuma? Ulisikia harufu ya kuungua?” La, ilipanda sawasawa. “Basi inashika. Tena inashika kupita kiasi. Shida yake haiachi.”

Ili tuelewe alichosema, tuitazame klachi yenyewe. Injini ikiwaka haisimami. Inazunguka hata gari likiwa limetulia. Magurudumu nayo lazima yaweze kusimama. Kati ya viwili hivi kuna sahani iliyofunikwa malighafi ya kukwaruza, nayo hukandamizwa kwa springi kali dhidi ya gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini. Sahani ikikandamizwa, inalishika gurudumu lile na nguvu inapita kwenda kwenye giaboksi. Unapokanyaga pedali, unazishinda springi, sahani inalegea, na giaboksi inaachana na injini kwa muda ili gia zibadilishwe kwa amani. Katika gari kama langu, pedali husukuma mafuta ya breki kutoka silinda ya juu, ambayo mafundi huiita masta, hadi silinda ndogo ya chini inayosukuma wenzo wa klachi. Mafuta yakivuja au upepo ukiingia humo, mguu unashuka hadi chini lakini wenzo unasogea nusu tu. Sahani hailegei vya kutosha. Giaboksi inaendelea kuzungushwa, na gia ya nyuma, ambayo kwenye magari mengi haina kifaa cha kuisaidia kulinganisha mwendo kama zilivyo gia za mbele, ndiyo inayolia zaidi. Ukikanyaga mara mbili tatu, mafuta yanajikusanya, wenzo unafika, gia inaingia. Na ukiwasha gari likiwa ndani ya gia, linaruka. Kila ishara ilikuwa imeniambia jambo lile lile moja.

Klachi inayoteleza ni ugonjwa wa upande wa pili kabisa. Sahani imelika, haikamati tena, injini inapiga kelele na gari halifuati. Hiyo ndiyo inayodai giaboksi ishushwe. Hitilafu mbili, moja ya kutoshika na nyingine ya kutoachia, na mimi nilizieleza zote mbili kwa neno moja.

Sasa turudi kwenye lugha, maana fundi wa kwanza sitaki kumlaumu peke yake. Nilisema “haishiki” nikiwa natazama kutoka kwenye mguu: unyayo unashuka, haukutani na ukinzani, hakuna kinachoshika. Yeye alisikia akitazama kutoka chini ya gari: sahani haishiki. Sote wawili tulisema Kiswahili sanifu. Kitenzi shika hakina kosa; tatizo ni kwamba jina klachi kwa dereva ni ile pedali ya kushoto, na kwa fundi ni kile kifaa kilichojificha. Mambo haya mawili hufanya kazi kinyume. Dereva anapoachia, klachi inashika. Dereva anapokanyaga, klachi inaacha. Ukihamisha kiima bila kutoa taarifa, maana inapinduka kichwa chini miguu juu.

Ukiongeza njeo ya -me- mambo yanazidi. Jaribu kusema “breki imeshika.” Je, gari limesimama salama, au breki imeng’ang’ania na gurudumu haliendi? Zote mbili husemwa kila siku, na sauti tu ndiyo huzitenganisha. Kiswahili kina maneno ya kutusaidia hapo, kwama, ganda, nasa, lakini ulimi hukimbilia shika kwa kuwa ndilo lililo karibu.

Chanzo cha mkanganyiko, kwa maoni yangu, ni namna tulivyoazima. Kwa Mwingereza, clutch ni neno la kawaida la kukamata kwa nguvu, kama mwewe anavyokamata kifaranga. Jina linamweleza kazi ya kifaa hata kama hajawahi kukiona. Sisi tulichukua sauti tukaiacha maana. Klachi kwetu ni jina tupu, na mtu hulijaza kwa kile anachokigusa, yaani pedali. Wafaransa wamejikinga vizuri zaidi: wana vitenzi viwili, embrayer na débrayer, kimoja cha kuunga na kingine cha kuungua huo muungano. Mashariki mwa Kongo, ambako gari lilifika pamoja na Kifaransa, Waswahili wa huko wameazima msamiati wao wa gari kutoka huko.

Si kwamba Kiswahili hakiwezi kubuni. Usukani tuliutoa chomboni. Nahodha alikuwa na usukani wake zamani kabla ya motokaa ya kwanza kukanyaga nchi hii, na motokaa ilipofika neno likahama nyuma ya jahazi likaja mbele ya dereva, na hakuna aliyeshangaa. Gari lenyewe ni neno la Kihindi lililoanza na mikokoteni. Hata pale tunapoazima Kiingereza kitupu, sarufi yetu haikai kimya. Wazungumzaji walisikia madigadi, wakaona ma- ya wingi, wakaikata: moja likawa digadi. Kipilefti kiliingia ngeli ya KI-VI kwa sababu ya sauti yake tu, na wenzetu Watanzania wanasema vipilefti bila kujua wala kujali kwamba ki hiyo haikuwa kiambishi. Kilabu ni vivyo hivyo: konsonanti mbili, k na l, zikatenganishwa kwa irabu, na ghafla tuna vilabu. Nilitarajia klachi ifuate njia hiyo iwe kilachi, wingi vilachi, na mzee wa Msambweni huitamka hivyo hasa. Lakini anasema “kilachi yako,” si “kilachi chako.” Ametia irabu bila kuihamisha ngeli. Wanaisimu wanaotafuta mada, karibuni gereji.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi alivyozungumza na kijana wake. Walikuwa chini ya gari wakisemezana Kidigo, na katika Kidigo hawakuhangaika. Kushika kwao ni kugbwira, kwa ile sauti ya gb inayotolewa kwa midomo na nyuma ya ulimi kwa pamoja, ambayo wageni huhangaika nayo. Kuacha ni kuricha. Mazungumzo yao yote ya klachi yalikwenda baina ya vitenzi hivyo viwili, kama mlango unaofunguliwa na kufungwa, na kiima kilikuwa kimoja muda wote: ile sahani. Si kwamba Kidigo ni sahihi na Kiswahili ni kibovu. Kiswahili kina shika na acha vilevile. Tofauti ni kwamba wao walikubaliana kwanza wanamzungumzia nani.

Nilipomuuliza mzee ningesemaje ili fundi yule wa Ukunda anielewe, hakunipa istilahi. “Usimwambie ugonjwa,” alisema. “Mwambie ukifanya hivi, inafanya hivi.” Yaani -ki- ile ile aliyonitilia muuzaji. Nikikanyaga mara moja, gia ya nyuma inalia. Nikikanyaga mara tatu, inaingia. Nikizima injini, zote zinaingia. Nikiwasha ndani ya gia, gari linaruka. Nikipanda Kwale na mzigo, linapanda. Sentensi tano, hakuna shika hata moja, na mwenye ujuzi hawezi kuzisikia akadai giaboksi ishushwe. Kila moja ina sharti na jibu, na kiima chake ni mimi, mtu ninayejua nilichofanya.

Najua baadhi ya wasomaji wataniandikia kwamba dawa ni baraza la lugha litoe istilahi rasmi ya klachi, kitu kama kiungashi au kiachanishi. Sina ugomvi na istilahi. Lakini hata ningekuwa na neno zuri namna gani siku ile, ningeingia gereji na kusema “kiungashi hakishiki,” na bei ingekuwa ileile.

Ukarabati wenyewe ulichukua chini ya saa mbili. Kijana alifungua silinda ya chini, akaonyesha mpira uliochoka na unyevu wa mafuta kwenye vumbi chini yake. Mpira mpya, mafuta mapya, kisha kazi ya kutoa upepo: mimi nakanyaga, yeye anafungua kijiskrubu, vipovu vinatoka, anafunga, naachia. “Kanyaga.” “Shikilia.” “Achia.” Tulirudia labda mara kumi na tano, mpaka mafuta yakatoka bila povu na mguu wangu ukakutana na kitu kigumu juu kabisa. Nililipa Sh2,600, na karo ikabaki karo.

Jumatatu nilirudi feri. Kijana wa madafu alikuwepo. Akaiona pikapu, akauvuta mkokoteni wake kando kabla sijawasha. Sikumlaumu. Sasa imebaki gia ya tano, ambayo huchomoka yenyewe nikipita Ramisi pale barabara inaporukaruka. Nimempigia mzee simu. Akaniuliza: inachomoka nikikanyaga mafuta, au nikiyaachia? Nimekwenda kuangalia.